Paka Walikuja kwa Sauti Yangu

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Usiitikie kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu kama bado utaona nastahili marahaba, utaitikia hukohuko Sikonge, nami nitaridhika hata nisipoisikia.

Barua hii naiandika wazi. Mwenyekiti wa mtaa ameniruhusu kuibandika kwenye ubao wa matangazo pale ofisini kwake, na nakala yako ndiyo hii uliyoshika. Unanijua mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ndiye uliyekuwa ukinituma chumvi dukani narudi mikono mitupu, eti kwa sababu nimewakuta wanaume wamekaa barazani nikaona haya kupita mbele yao. Kwa hiyo ukisikia nimekubali mtaa mzima unisome, usidhani nimekuwa shujaa. Wewe ulisemwa mbele za watu. Sioni haki nikuombe radhi kwa kunong'ona.

Unakumbuka mwaka ule Mama alipohamishiwa kazi Mpanda, nikabaki na wewe na Baba? Nilikuwa darasa la sita. Baba akitoka asubuhi kwenda kwenye cherehani yake sokoni, wewe ulikuwa unapanga samaki barazani, dagaa wa Kigoma kwenye sinia, migebuka wakavu umewalaza juu ya gunia kama kuni. Jioni moja ukaniambia, "Somo, leo wewe ndiye wa kuita wateja." Uliniita somo tangu nizaliwe, maana jina langu ni lako. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mama mmoja alikuwa anapita na ndoo kichwani. Nikamtazama tu mpaka akaishia kwenye kona. Ulicheka ukashika mbavu.

"Haya, basi tuanze na paka," ukasema. "Paka hawamcheki mtu."

Ukanipa kopo tupu la maziwa ya unga na kisu cha kuparia samaki. Gonga mara tatu, nyamaza, gonga mara mbili, halafu ita: njooni wangu, njoooni! Niligonga. Nikaita kwa sauti ya mbu. Wakaja! Wa kwanza Bi Mkubwa, yule wa kijivu, mkia umesimama wima. Halafu wale mapacha weupe. Halafu wengine wakashuka ukutani, wakatoka chini ya toroli, wakaruka kutoka kwenye paa la jirani yetu Mama Hadija. Shangazi, kabla ya siku ile hakuna kiumbe aliyewahi kuja mahali kwa sababu nimemwita mimi.

Kwa miaka mitatu hiyo ndiyo ilikuwa sauti yangu. Kila asubuhi kabla sijavaa sare, vichwa na matumbo ya samaki kwanza kwa paka, wateja baadaye. Ulisema muuza samaki anayemnyima paka anaifukuza riziki yake mwenyewe. Shuleni nilikuwa nasoma kwa Kiingereza, nyumbani tunaongea Kiswahili, na katika lugha zote mbili nilikuwa bubu. Mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo, namwachia mwingine alikosee. Lakini kwenye baraza yako, na kisu na kopo mkononi, nilikuwa mtu anayeitikiwa.

Tuseme ukweli lakini. Walizidi. Hata wewe ulijua, ila hukupenda kusemeshwa. Wa kwako, wale waliojua mlio wa kopo, walikuwa kumi na mmoja. Waliobaki walikuwa wazururaji tu, wametoka sokoni na kwenye maghala ya karanga, wakavutwa na harufu. Mchanga ambao Mama Hadija aliumwagisha kwa ajili ya kujengea chumba cha uani waliugeuza choo, na wajukuu zake ndipo wanapochezea. Kitoweo kilikuwa hakiwezi kuachwa mezani hata ukienda kuchukua kijiko. Pale msikitini watu waliwakuta wamejikunja juu ya mikeka. Hakuna aliyewafukuza, maana paka si najisi, lakini watu walikuwa wanainuka kutoka kwenye sijda na manyoya usoni.

Ndipo kikaja kile kikao cha kwanza cha mtaa. Najua unakikumbuka, lakini wanaosoma ubaoni wengine hawakuwepo. Mama Hadija alisimama, kanga kaifunga kiunoni kama anakwenda kupalilia.

"Mwenyekiti, mimi na huyu jirani yangu hatuna ugomvi. Samaki wake nawala. Tatizo paka wake wananila mimi!"

Watu wakaangua kicheko.

"Chekeni tu. Siku wakimng'ata mtoto wa mtu ndipo mtajua kama ni mchezo. Kichaa hakipigi hodi."

Ukasimama na wewe. Hukupandisha sauti. "Paka wangu hawajamng'ata mtu tangu nianze kuwalisha. Na nasema hapa mbele yenu nyote: siku mtu yeyote wa mtaa huu akipata jino la paka, sitamngoja Mwenyekiti wala nani. Nitawatoa wote, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

"Umesikika, Bi Mwamvua," akasema Mwenyekiti, akaandika kwenye daftari lake.

Nilikuwa nimekaa nyuma yako, nimeshika pindo la kanga yako kama mtoto wa miaka minne. Wiki mbili baadaye jino hilo lilinipata mimi.

Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana. Ulikwenda stesheni kupokea magunia ya dagaa yaliyokuja na treni, ukaniacha nilinde meza. Akatokea paka wa njano, sikio moja limechanika. Sikuwa nimemwona kabla. Alikuja bila kuitwa, anatembea upandeupande kama mtu aliyeshuka kwenye baiskeli baada ya safari ndefu, mdomo umeloa. Hakuwaangalia samaki. Hilo pekee lingetosha kunitisha, paka asiyeangalia samaki. Lakini nikamwona mgeni, nikamwona ana njaa, nikamnyooshea kichwa cha mgebuka kwa mkono kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Akakiacha kichwa, akaukamata mkono. Hapa chini ya kidole gumba. Alining'inia, Shangazi. Nilikung'uta mara mbili hakuachia, ya tatu akaanguka, akaendelea na safari yake kuelekea madrasa kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilinawa bombani haraka haraka, nikajipaka chumvi ya dagaa, nikafunga kwa kipande cha kitambaa cha Baba. Uliporudi na toroli, jasho linakutiririka, kitu cha kwanza ukauliza:

"Mkono umefanyaje?"

"Kisu."

"Kisu cha samaki kibaya hicho. Osha vizuri." Ukaninyang'anya kisu. Jioni yote ukapara samaki peke yako ili mkono wangu upumzike, na kila ulipokuwa ukipitisha kisu nilitaka kusema, neno linafika kwenye meno linarudi. Nilikuwa nakiona kile kikao. Nilikuwa nakusikia ukisema "kwa mkono wangu huu." Nikajiambia, nikisema tu, Bi Mkubwa na wenzake wameisha, na atakayewamaliza ni mimi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Baba sijamwambia. Nilikuwa najua. Sikuwa mtoto asiyejua. Kwenye mtihani wa Baiolojia liliulizwa swali la kichaa cha mbwa: kinaenezwaje, dalili zake, afanye nini mtu aliyeng'atwa. Niliandika yote kwa Kiingereza kizuri, herufi zimelala sawasawa: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, aende hospitali siku hiyohiyo achanjwe, maana dalili zikishaanza hakuna tiba. Mwalimu aliweka vema kubwa pembeni. Mtu aliyeyaandika hayo ndiye aliyejipaka chumvi ya dagaa akauchuna.

Nilianza kujipima kwa maji. Tulifundishwa kwamba mgonjwa huogopa maji, koo linambana. Basi kila nikishika kikombe natazama mle ndani, nameza funda moja, nasikilizia. Limepita? Limepita. Baada ya nusu saa narudi tena mtungini. Uliniambia, "Somo, una kiu ya ngamia wewe siku hizi." Nikacheka na wewe. Jinsi nilivyokuwa nikicheka ndivyo koo lilivyokuwa likinibana, na sikujua ni ugonjwa au ni uongo.

Jumatatu ukapata habari ya msiba Sikonge, mkweo amefiwa na mama yake. Ukafunga kibegi. Pale kizingitini ukanishika kichwa, "Nakuachia watoto wangu. Wasilale njaa." Nikaitikia. Hilo nalo nalibeba.

Kesho yake nimerudi shule, sijavua hata viatu, naona Mama Hadija kasimama uani na vijana wawili, kila mmoja na viroba begani. Mwenyekiti hakuwa na habari, namwomba radhi kwa niaba ya waliosema ni yeye aliyeagiza. Huku kwetu kila mtu anajua paka anavyotupwa: unamtia kwenye kiroba asione njia, unakizungusha mara saba apotewe na kichwa, unamvusha reli. Lori la mahindi lilikuwa linaondoka kwenda Kaliua jioni ile.

"Mwamvua, mwanangu," Mama Hadija akasema kwa sauti ya upole kabisa, "usinitazame hivyo. Sisi hatuui. Kuua paka ni mkosi, mimi sitaki damu yake mlangoni kwangu. Tunawahamisha tu. Kaliua kuna maghala, kuna panya wa kumwaga, watakula kuliko sisi. Haya, waite."

"Shangazi hayupo."

"Ndiyo maana tumekuja leo."

"Dogo, gonga kopo bwana," akasema mmoja wa wale vijana. "Lori halimsubiri mtu, sembuse paka."

Mwenzake akacheka. Mimi nikarudi nyuma, nikasema siwezi. Nilisema kweli, Shangazi. Siwezi, nikalirudia mara mbili. Kama mambo yangeishia pale ningekuandikia barua nyingine. Lakini Mama Hadija akakunja uso akaangalia chini.

"Hebu, huo mkono una nini? Mbona umevimba? Lete niuone."

Akanyoosha mkono wake. Kidole chake kimegusa kitambaa. Nilichomoka, nikaingia barazani, nikachukua kopo na kisu, nikagonga mara tatu, nikanyamaza, nikagonga mara mbili.

Sikunong'ona. Niliita kwa sauti ambayo haijawahi kunitoka. Walikuja wote. Bi Mkubwa alifika wa kwanza kama kawaida yake, akajisugua kwenye kifundo cha mguu wangu, na kijana mmoja akamnyakua shingoni akiwa bado anajisugua. Wale mapacha walishtuka wakakimbilia ukutani. Nikagonga tena. Wakageuka. Waliona viroba, waliona watu wasiowajua, lakini walisikia ni mimi, wakarudi. Kumi na mmoja. Wakazungushwa mara saba, yule kijana anahesabu kwa sauti kama mtoto anayecheza kombolela, na kutoka ndani ya viroba ulikuwa unatoka mlio ambao sijui niuandikeje.

Yule wa njano hakuwemo. Yeye hakuwa akiujua mlio wa kopo.

Mama Hadija hakufurahi kama nilivyodhani. Alijifuta uso kwa pindo la kanga, akaniambia, "Pole mwanangu," akaondoka. Mkono ameusahau. Na hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Nimekiandika hapa ili nisiweze kukikana: niliwatoa paka wako kumi na mmoja ili mtu mmoja asiangalie mkono wangu.

Ukarudi Alhamisi. Nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia, nakusikia unashusha mzigo, unamsalimia Mama Hadija, yeye anaitikia nusu. Ukagonga kopo. Ukangoja. Ukagonga tena, safari hii kwa kasi kidogo. Majirani wote walikuwa nyumbani na hakuna aliyechungulia mlangoni. Halafu nikasikia kigoda kinaburutwa, ukakaa. Nilipotoka nilikuta vichwa vya migebuka kwenye sinia, inzi wamejaa, na wewe unaangalia barabara. Hukuniuliza. Nilisimama pale nikikungoja uniulize, kwa sababu ungeuliza tu ningesema, naapa ningesema. Ukaniambia, "Nenda kale, ugali utapoa."

Jumapili Mwenyekiti akaita kikao, safari hii yeye ndiye aliyekasirika. "Paka hawa hawashikiki na mgeni. Kuna aliyewaita. Bi Mwamvua, wewe ndiye mwenye haki hapa. Unamshuku nani?"

Ukageuza kichwa, ukanitafuta. Nilikuwa nimesimama na wasichana wenzangu pale ukutani. Macho yetu yakakutana, na nikaona unajua. Sijui ulijua tangu lini, pengine tangu mlio wa kwanza wa kopo ulipokosa mwitikio. Mtaani hapa ni watu wawili tu tuliojua kuita. Mama Hadija naye akafungua mdomo, akaniangalia, akaufunga.

"Simjui," ukasema.

Wewe, ambaye hata mteja akikuuliza kama dagaa ni wa jana unamwambia ni wa juzi. Ulisema humjui mtu mwenye jina lako. Kuna mzee akasema kwa dhihaka, "Basi wamekwenda wenyewe, wamechoka kula samaki," watu wakacheka, ukakaa chini umeinamisha kichwa. Siku iliyofuata ukamwaga samaki kwa bei ya kutupa, ukamwambia Baba unakwenda kupumzika kwa mwanao Sikonge. Baba alishangaa, alikuuliza kuna nini hukusema. Watu wakasema umesusa kwa ajili ya paka. Mimi nilinyamaza na hilo nalo. Wacha nilisahihishe leo: Shangazi hakususa kwa ajili ya paka. Aliondoka ili asilale nyumba moja na mtu ambaye angelazimika kumtaja.

Basi, siku iliyofuata baada ya kuondoka kwako, watoto wa madrasa wakamkuta yule wa njano chini ya mabati chakavu nyuma ya darasa lao. Amekwishakufa, ameanza kuoza. Sikio limechanika, ndivyo walivyosema, na mimi nikauficha mkono nyuma. Watu wazima wakamwagia chokaa wakamzika upesi kabla afisa mifugo hajafika. Alipofika akasikitika sana: kwa jinsi alivyokuwa ameoza, na walivyomzika, hakuna tena cha kupima. Kwenye kipaza sauti cha msikiti likatangazwa, yeyote aliyeguswa au kung'atwa na paka huyo ajitokeze leo hii, asione haya.

Asione haya. Kana kwamba walinilenga.

Nilikaa siku mbili nyingine. Shangazi, siwezi kukueleza siku mbili zile. Nilikuwa nakwenda shule, naandika notisi, nachezesha vidole kuona kama vinatii. Usaha ulikuwa umekwisha, jeraha limefunga vizuri, na hilo ndilo lililokuwa likinitisha zaidi, kwamba nje pamepona. Siku ya pili nikashika kikombe, nikashindwa kumeza. Maji yakarudi puani. Labda nilimeza vibaya tu. Lakini nilisimama pale uani, kidevu kinadondosha maji, nikaona kwamba ninaweza kufa nikiwa naogopa kusemwa.

Baba alikuwa sokoni. Aliyekuwa karibu ni Mama Hadija, anachambua mchele kwenye ungo kibarazani kwake. Nikavuka. Nilipofika nikasimama kama mlingoti.

"Unasemaje, mama?"

"Paka alining'ata."

"Paka gani? Lini?"

"Yule wa njano. Leo siku ya kumi na mbili."

Ungo ulidondoka, mchele wote chini. "Mayo weee! Kumi na mbili? Na ulikuwa unakwenda na kurudi hapa unaniamkia shikamoo, shikamoo, na kifo mkononi?" Alikwishanishika kiwiko, anafunga kanga kwa mkono mmoja. "Ndiyo ule uvimbe? Siku ile? Siku ile ndiyo niliyoushika, nikauacha kwa ajili ya paka!" Akasimamisha bodaboda, tukapanda wote wawili mpaka hospitali kule Kitete, na njia nzima alikuwa akinikumbatia kwa nyuma kwa nguvu mpaka sipumui vizuri.

Muuguzi aliniuliza jambo moja ambalo sitalisahau. "Na huyo paka yuko wapi?" Nikasema amekufa. "Na wale aliokuwa akishinda nao?" Nikatazama chini. Mama Hadija naye akatazama chini. Muuguzi akatueleza kwamba mnyama aliyeng'ata huwa anafungiwa na kuangaliwa siku kumi, na waliokaribiana naye huchanjwa, ili watu wajue wanapambana na nini. Sisi wetu tulikuwa tumewazungusha mara saba wasijue njia ya kurudi.

Nilimwuliza kama nimechelewa. Hakunidanganya. "Ungekuja siku ileile ingekuwa bora zaidi. Lakini dalili hazijaanza, na sindano tunaanza sasa hivi. Usikose hata moja." Maji yaliyonipanda puani alisema ni hofu. Nachagua kumwamini. Asubuhi naamini zaidi kuliko jioni.

Baba nimemweleza yote. Hakunipiga wala hakufoka, alizima cherehani, akaweka pembeni nguo aliyokuwa akishona, akasema, "Dada yangu amebeba hili peke yake?" Nikasema ndiyo. Tangu hapo haniangalii sana.

Mama Hadija alimtafuta dereva wa lile lori. Anasema viroba vilifunguliwa karibu na maghala Kaliua, wakatawanyika. Bi Mkubwa alikataa kutoka kwenye kiroba, ikabidi akitikise. Sikutaka kukuandikia hili, lakini nimekwishakuficha mengi.

Na mtaa, kama unataka kujua, haujapata nafuu. Baraza yako tupu imewafurahisha wazururaji. Wamekuja wengine kutoka sokoni, wakali, hawana jina, hawamjui mtu. Afisa mifugo alipokuja na chanjo, watu walileta mbwa wao na paka wachache kwenye ndoo na vikapu, lakini hao wapya hakuna aliyeweza hata kuwasogelea. Akatuambia pale mbele ya wote, "Mlikuwa na paka mnaowajua, wanaokuja wakiitwa. Hao ndio wa kuchanja na kuhasi, wakabaki wachache na salama, wakawazuia wengine. Sasa mna paka msiowajua." Hakuna aliyecheka. Mama Hadija akasema, kwa sauti ya kusikika, "Nilikosea mimi." Mimi nilikuwa karibu naye kabisa na sikusema kitu. Ndiyo maana naandika.

Kwa hiyo wajue wote wanaosoma hapa. Paka wa Shangazi hawakumng'ata mtu. Aliyening'ata alikuwa mpita njia. Ahadi aliyoitoa kikaoni haikuvunjwa na yeye, na hakuna aliyestahili kumcheka. Aliyewaita paka ni mimi, niliwaita kwa sauti aliyonifundisha yeye, na nilijua ninachofanya.

Shangazi, sikuombi urudi. Hiyo utaamua wewe. Wala sikuombi unisamehe kwa sababu ya ugonjwa; nikipona, uendelee kunikasirikia kwa kadiri ninavyostahili. Nimebakiza sindano moja, ni Alhamisi. Ijumaa shule imefungwa, Baba ameniruhusu, napanda gari la asubuhi kuja Sikonge. Usije kunipokea, na usimtume mtu. Nyumba ya mwanao siijui, wala mtaa siujui. Nitashuka, nitamwendea mtu wa kwanza nitakayemwona, hata wawe wanaume kumi wamekaa barazani, na nitauliza kwa sauti anapokaa Bi Mwamvua. Asiponisikia, nitarudia.

Somo yako,
mtoto wa kaka yako.